Kutembea Bonde la Hope, Uingereza: mwongozo kamili wa vijiji, mawe na njia za miguu

Bonde la Hope liko Derbyshire, kati ya miji ya Sheffield na Manchester. Reli inapita ndani yake tangu 1894, na treni husimama kijiji kwa kijiji: Grindleford, Hathersage, Bamford, Hope, Edale. Kwa mwanafunzi wa Sheffield, muuguzi wa Manchester au mgeni aliyekuja kumwona ndugu yake, hili ni bonde la mashambani linalofikika bila gari, na unaweza kulala kwako siku hiyohiyo.

Wageni wengi hulipoteza kwa kulikimbilia. Hufika Castleton kwa gari, huingia pango moja, hupiga picha, hurudi. Bonde hili linasomeka kwa miguu, tena kwa kulikata kutoka upande mmoja hadi mwingine, kwa sababu kila kitu humo kimetokana na mawe yake. Kaskazini ni mawe ya mchanga, magumu, yanayopigwa na hewa yakawa meusi. Kusini ni chokaa, nyeupe na yenye mapango. Katikati yao kuna mwamba laini wa tabaka tabaka unaomomonyoka mvua ikinyesha. Nyumba za Edale ni nyeusi na za Castleton ni nyeupe kwa sababu kila kijiji kilijengwa kwa mawe ya jirani yake. Ukilijua hilo, hata kiwanda cha saruji kilichosimama katikati ya mandhari kitaeleweka: saruji hutengenezwa kwa chokaa na mwamba ule laini, na hapa vyote viwili vinakutana.

Elewa kwanza ni hifadhi ya namna gani

Bonde limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Peak District, ya kwanza kutangazwa Uingereza, mwaka 1951. Usiifikirie kama Serengeti au Tsavo. Hakuna geti, hakuna kiingilio, na watu wanaishi humo. Mashamba mengi ni mali ya watu binafsi au ya mashirika ya uhifadhi, na wewe unapita kwa haki ya kisheria ya kutumia njia. Haki hiyo ilipiganiwa. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya wafanyakazi wa mijini walipanda Kinder Scout, mlima ulio juu ya Edale, wakijua wamezuiwa kwa ajili ya uwindaji wa matajiri, na watano kati yao walifungwa jela.

Kwa hiyo soma alama. Mshale wa njano ni njia ya watembea kwa miguu peke yao. Wa bluu ni njia ya miguu, farasi na baiskeli. Kibao cha duara chenye picha ya mtu kwa rangi ya kahawia kinaonyesha ardhi ya wazi, ambako unaweza kutembea hata nje ya njia. Katika shamba la kawaida, baki kwenye njia hata ikipita katikati ya majani mazuri.

Chagua siku, na uangalie jua

Aliyezoea jua la Ikweta, linalozama saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, hujikuta amekosea hapa kuliko popote. Katikati ya Juni jua la bonde hili huzama karibu saa tatu na nusu usiku. Katikati ya Desemba huzama kabla ya saa kumi alasiri, na asubuhi halichomozi hadi saa mbili na dakika kadhaa. Safari ya saa tano inayoanza saa sita mchana ni starehe mwezi wa Juni na ni hatari mwezi wa Desemba. Kanuni ya kushika ni hii: panga uwe umeteremka mlimani angalau saa moja kabla ya jua kuzama.

Jambo la pili ni ratiba za treni. Zinaandikwa kwa saa 24 za Kizungu, na ubongo uliochoka hurudi kwenye saa zetu. Ukiona 09:14 ni saa tatu na dakika 14 asubuhi. 15:50 ni saa kumi kasoro dakika kumi. Andika treni yako ya kurudi kwa namna zote mbili kwenye simu kabla hujaondoka nyumbani.

Kwa safari ya kwanza, chagua siku ya kazi kati ya katikati ya Mei na mwisho wa Septemba. Mwezi wa Mei wanakondoo wako mashambani na siku ni ndefu. Agosti nyanda za juu hufunikwa na vichaka vya maua ya zambarau. Jumatatu ya mwisho wa Agosti, ambayo ni sikukuu, kijiji cha Hope hufanya maonyesho ya kilimo pamoja na mashindano ya mbwa wa kuswaga kondoo. Aliyekulia kwenye mifugo atasimama pale mchana kutwa. Tarehe 29 Mei Castleton hufanya sherehe yake ya kale: mtu aliyepanda farasi huzungushwa kijijini akiwa amefunikwa kwa kuba la maua hadi kiunoni.

Kufika

Panda treni Sheffield au Manchester Piccadilly. Hadi Edale ni zaidi kidogo ya nusu saa kutoka Sheffield, na takriban dakika 45 kutoka Manchester. Kosa la kawaida ni kupanda treni ya haraka inayounganisha miji hii miwili: inapita bondeni humohumo bila kusimama, na utaviona vijiji kupitia dirishani. Kabla ya kupanda, hakikisha jina la stesheni yako limo kwenye orodha ya vituo inayoonyeshwa ubaoni. Treni inayosimama kila kituo huja takriban mara moja kwa saa, hivyo kuikosa kwa dakika mbili ni kungoja muda mrefu, pengine kwenye baridi.

Nunua tiketi ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Ukianzia Sheffield, kata tiketi ya Edale hata kama utarudi kupitia Hope, maana Hope iko njiani. Ukianzia Manchester, kata ya Hope, kwa sababu ndiyo stesheni ya mbali zaidi kati ya hizo mbili. Mwenye kadi ya vijana wa miaka 16 hadi 25 hupunguziwa theluthi ya nauli, ila asubuhi za siku za kazi huwa na masharti. Jumapili angalia kama kuna matengenezo ya reli, kwani hapo treni hubadilishwa na basi. Basi namba 272 nalo hutoka Sheffield hadi Castleton kupitia Hathersage na Hope, na ni la msaada miguu ikigoma.

Vitu vya kubeba

Mtu wa Usambara au Taita akisikia Mam Tor ina mita 517 atauona kama kichuguu. Lakini hatari ya hapa haipimwi kwa urefu. Inatoka kwenye upepo, unyevu na giza, vikija pamoja. Joto hupungua karibu nusu nyuzi au zaidi kwa kila mita 100 unazopanda, na upepo wa juu ya mlima huondoa joto la mwili haraka mno ukiwa umelowa.

Vaa buti au viatu vyenye soli ya meno, ambavyo umeshavitembelea angalau wiki mbili. Raba laini huteleza kwenye majani mabichi na kwenye chokaa iliyosuguliwa na miguu ya watu. Acha jinzi nyumbani: ikilowa inakuwa nzito, haikauki, na inakunyonya joto. Vaa fulana nyepesi ya kukauka haraka, sweta, na koti la mvua lenye kofia, hata kama anga ni safi unapotoka. Kuanzia Oktoba hadi Aprili ongeza glavu, kofia ya sufu na soksi za akiba.

Kwenye mkoba weka lita moja na nusu ya maji, chupa ya chai ya moto, chakula cha mchana na kitu kitamu cha akiba, tochi yenye betri nzima, filimbi, na betri ya kuchajia simu. Mtandao hukatika bondeni, hasa Edale, hivyo ramani ya simu ipakue mapema. Ramani bora ya karatasi ni ya Ordnance Survey, Explorer OL1, yenye kipimo cha 1:25 000. Sentimita 4 za ramani ni kilomita moja ya ardhi, na njia za miguu zimechorwa kwa vistari vifupi vya kijani. Ibebe hata kama unaiamini simu yako.

Njia kuu: kutoka Edale hadi Hope kupitia Mam Tor na Castleton

Ni takriban kilomita 12, na kupanda kwa jumla karibu mita 290. Hesabu ya wapanda milima wa hapa ni saa moja kwa kila kilomita 5, ukiongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Hiyo inatoa kama saa tatu bila kupumzika. Panga saa tano. Ukitaka kuingia pangoni au kwenye ngome ya Castleton, panga sita na nusu. Anza Edale, usianzie Hope: hivyo mlima unaupanda ukiwa na nguvu, na mwisho wa safari ni tambarare.

Ukishuka Edale, tumia choo na ujaze maji kabla ya kuondoka kijijini. Edale yenyewe ni vijiji vidogo vitano vilivyotawanyika, na majina yao yote yanaishia na neno Booth, yaani kibanda: Upper Booth, Barber Booth, Grindsbrook Booth, Ollerbrook Booth na Nether Booth. Vilianza kama vibanda vya wachungaji wa zamani, na bonde bado ni la malisho. Ukiwa na dakika 40, panda kwanza hadi Grindsbrook Booth. Pale inaanza Pennine Way, njia ndefu iliyofunguliwa 1965, inayokwenda kilomita zaidi ya 400 hadi Scotland.

Kisha rudi chini, ufuate alama za Hollins Cross. Njia inavuka mto Noe chini ya bonde, inapita mashambani, halafu inapanda moja kwa moja hadi kwenye mgongo wa mlima. Tembea polepole kiasi kwamba unaweza kuongea. Wanaoanza kwa kasi hapa ndio wanaokaa chini katikati. Zamani Edale haikuwa na kanisa, na waliokufa walibebwa kwa njia hii, juu ya mgongo huu, kwenda kuzikwa Castleton. Ukiwa unahema, fikiria waliobeba jeneza mabegani wakati wa theluji.

Hollins Cross ni mwinuko wa wazi wenye njia zinazokutana. Simama hapa kuliko mahali pengine popote. Nyuma yako ni Edale na ukingo mweusi wa Kinder Scout. Mbele yako ni Castleton, mashamba yaliyokatwa vipande kwa kuta za mawe zilizopangwa bila saruji, na weupe wa chokaa nyuma yake. Uko juu ya mpaka wenyewe wa mawe.

Geuka kulia, ufuate njia iliyotandikwa mawe hadi kilele cha Mam Tor. Ni kama nusu saa. Karibu na kilele utavuka tuta na mfereji: ni ngome ya watu walioishi hapa zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Usisogee kwenye ukingo wa upande wa mashariki. Uso huo wa mlima ni wa tabaka za mawe ya mchanga na mwamba laini, na umekuwa ukiporomoka kwa maelfu ya miaka.

Teremka kwa ngazi za upande wa pili hadi barabarani, uvuke kwa uangalifu, kisha ufuate alama za pango la Blue John Cavern. Karibu na hapo inaanza barabara iliyovunjika. Hii ilikuwa barabara kuu, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19 juu ya maporomoko yaleyale. Waliitengeneza tena na tena, na 1979 wakaifunga kabisa. Leo lami imepasuka na kushuka kama ngazi za jitu, na kwenye nyufa utaona tabaka za lami zilizorundikwa, kila tabaka ni matengenezo ya mwaka mmoja yaliyoshindwa. Kwa maoni yetu ndipo mahali pa kuvutia kuliko pote bondeni, kupita hata mapango. Shuka upande wa ndani, mbali na kingo zilizochongoka, hasa baada ya mvua.

Njia nyingine ya kuteremka ni Winnats Pass, korongo la chokaa lenye kuta ndefu. Ni zuri mno, lakini barabara yake ni nyembamba, kali, haina njia ya waenda kwa miguu, na magari hujaa. Ukiwa na watoto, shuka kwa barabara iliyovunjika, kisha ukalitazame korongo kutoka chini.

Castleton

Hapa mawe yanageuka meupe. Kuna mapango manne ya kutembelea, na moja linatosha kwa siku. Peak Cavern liko kijijini kabisa, na mdomo wake ni mkubwa kiasi kwamba wasuka kamba walifanya kazi na kuishi ndani yake kwa karne kadhaa. Speedwell huingiwa kwa mashua, kupitia mfereji uliochimbwa na wachimba madini ya risasi. Treak Cliff na Blue John Cavern ndiyo yenye Blue John, jiwe la mistari ya zambarau na manjano ambalo ni fahari ya Castleton. Katika mapango mengi hutembezwa na kiongozi, hivyo angalia saa za ziara na kama pango liko wazi kabla ya kusafiri. Ndani kuna baridi mwaka mzima, na ngazi ni nyingi. Mwenye magoti mabovu ajue kuwa kushuka ni rahisi na kupanda ndiko kwenye kazi.

Juu ya kijiji ni Peveril Castle. William Peveril aliianza baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, na mnara wake ulijengwa na Mfalme Henry II mnamo 1176. Njia ya kupanda ni ya zigizaga na kali.

Kuhusu chakula: jikoni za baa za kijijini mara nyingi hufungwa kati ya chakula cha mchana na cha jioni, hivyo ukifika saa tisa alasiri ukiwa na njaa unaweza kupata vinywaji tu. Migahawa ya chai huwa wazi mchana. Unaagiza na kulipa kaunta, halafu unakaa. Nyama halali usiitegemee. Hata samaki na chipsi, uliza mafuta ya kukaangia, kwani maduka mengi ya kaskazini mwa Uingereza hukaanga kwa mafuta ya ng'ombe. Hakuna msikiti bondeni. Beba mkeka mwepesi, na kibla ni kusini-mashariki.

Kumalizia hadi Hope

Kutoka Castleton, njia ya miguu inafuata kijito cha Peakshole Water, kinachotoka kwenye Peak Cavern lenyewe, kwa kama kilomita mbili na nusu za mashamba tambarare. Mahali fulani utavuka reli ndogo ya kiwanda cha saruji: simama, tazama pande zote, ndipo uvuke. Kijijini Hope, kijito hiki kinaungana na mto Noe uliouacha Edale. Watu wengi hukosea hapa. Stesheni ya Hope haiko kijijini. Iko zaidi ya kilomita moja mashariki, kando ya barabara kuu. Ondoka kanisani angalau dakika 25 kabla ya treni yako.

Ng'ombe, kondoo na mageti

Geti liache ulivyolikuta: lililofungwa lifunge, lililo wazi liache wazi, kwani mkulima anaweza kuwa amelifungua ili mifugo ifikie maji. Usipande ukuta wa mawe. Jiwe moja likianguka mengine hufuata. Tumia ngazi za kuvukia.

Ng'ombe wenye ndama ndio wanyama wa kuogopa hapa. Usipite kati ya mama na ndama. Zunguka kwa mbali hata kama itabidi uiache njia kidogo, kisha uirudie. Wakikusogelea, tembea bila kukimbia. Ukiwa na mbwa na ng'ombe wakaja kwa nguvu, mwachie mbwa akimbie, maana ndiye wanayemtaka. Kuanzia 1 Machi hadi 31 Julai mbwa kwenye ardhi ya wazi lazima afungwe kamba isiyozidi mita 2. Ukitembea kwenye majani marefu, jikague kupe jioni.

Ukiwa na siku ya pili

Bamford ni ya bwawa la Ladybower, lililojengwa kati ya 1935 na 1943. Chini ya maji yake kuna vijiji viwili, Derwent na Ashopton, vilivyobomolewa ili miji ipate maji. Mwaka wa ukame mkali magofu ya Derwent hujitokeza, na watu hukimbilia kuyaona. Yatazame kutoka ukingoni. Tope linaloonekana kavu juu ni laini chini, na waokoaji wameshawahi kuitwa kumtoa mtu aliyezama humo hadi kiunoni. Juu zaidi ni bwawa la Derwent, ambako mwaka 1943 marubani wa Kikosi cha 617 cha jeshi la anga la Uingereza walifanya mazoezi kabla ya kuyashambulia mabwawa ya Ujerumani.

Kwa siku fupi ya baridi, shuka Hathersage, ufuate mto Derwent hadi stesheni ya Grindleford: takriban kilomita 6, karibu zote tambarare, ingawa zenye tope. Mawe ya kukanyagia yanayovuka mto usiyajaribu maji yakiwa yameyafunika. Ukiwa na nguvu na mwanga, panda badala yake hadi Stanage, ukuta wa mawe ya mchanga wa kilomita kadhaa. Chini yake mawe ya kusagia yamelala kwenye majani, yaliyochongwa na kuachwa soko lilipokufa. Umbo la mawe hayo ya kusagia ndilo nembo ya hifadhi.

Kinder Scout, mita 636, iache kwa ziara ya baadaye. Juu ni uwanda wa mboji na mifereji inayofanana, na ukungu ukishuka njia hupotea kabisa. Nenda ukiwa unajua kutumia dira, au pamoja na mtu anayejua.

Mambo yakiharibika

Kabla ya safari, tuma neno "register" kwa ujumbe mfupi kwenda 999 na ufuate maelekezo. Baada ya hapo utaweza kuomba msaada kwa ujumbe hata pale sauti haipiti. Mtu akiumia mlimani, piga 999, omba polisi, kisha waokoaji wa mlimani. Toa namba ya gridi ya ramani, inayoonyesha mahali ulipo, kutoka kwenye simu yako, na usihame hapo. Bila mtandao, puliza filimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Mvike majeruhi nguo zote za akiba na umweke juu ya mkoba, asilale kwenye ardhi yenye unyevu. Waokoaji wa hapa ni watu wa kujitolea na hawatozi malipo, kwa hiyo usichelewe kuwaita kwa kuogopa gharama.

Ukikosa treni ya mwisho, rudi kijijini kwenye mwanga na uulize teksi kwenye baa. Barabara ya bonde haina taa wala nafasi ya mtu kutembea salama usiku.